Mnanaa hauingii kwenye chupa ya wiski, mkuu

Mkuu, acha kwanza hilo fungu la mnanaa. Umeandika mna sherehe ya mkesha wa Krismasi hapo Area D, Dodoma, watu 12, unataka kuwapa kinywaji cha wiski na mnanaa, na leo unatumbukiza mnanaa kwenye chupa 2 za wiski "ikolee" siku 6. Umeuliza pia wiski gani inafaa, vikombe, soda na vitafunwa. Hayo yatasubiri, maana ukishaziharibu hizo chupa hutakuwa na kinywaji cha kuandalia vitafunwa.

Wiski ina kileo cha asilimia 40 hivi, na kileo cha kiwango hicho kinatoa vingi vilivyomo kwenye jani. Harufu unayoitaka imekaa kwenye vijifuko vidogo sana vya mafuta juu ya uso wa jani. Hiyo inatoka upesi, dakika chache tu. Baada ya hapo kinachoendelea kutoka ni vya ndani: rangi ya kijani, uchungu, na ule ukakasi kama wa chai iliyosahaulika jikoni. Siku ya kwanza chupa inapendeza kuitazama. Baadaye majani yanageuka kahawia, wiski inakuwa na rangi ya maji yaliyochemshia mchicha, na ukinusa unapata nyasi zilizolowa. Ukionja, uchungu unabaki nyuma ya ulimi na fizi zinakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi.

Na ikifika hapo haina dawa. Sukari haiufichi ule uchungu, unakuja tu baada ya utamu. Kuchuja kunaondoa majani, uchungu umeshaingia kwenye wiski. Ndimu inaongeza ukali juu ya ukakasi. Mimi nimemwaga chupa 2 kwenye sinki kwa sababu hiyo hiyo, na bei ya chupa moja unaijua.

Wanaowaponza watu ni hawa wa video fupi. Chupa imewekwa dirishani, mwanga unapita kwenye majani ya kijani, juu wameandika "siku 7". Chupa yenyewe siku ya saba hawaioneshi. Mtu akiinywa hawamwoneshi. Na mimi aliyenielekeza alikuwa mhudumu wa kaunta, mtu ambaye kuchanganya vinywaji ndiyo kazi yake, akaniambia bila kusita kwamba ukiiacha muda mrefu ndivyo inavyokolea. Vanila inakolea hivyo, ni ganda lililokaushwa. Jani bichi ni kitu kingine kabisa, na mtu wa kaunta anapaswa kujua tofauti hiyo kabla ya kumshauri mteja.

Shika hili moja tu: mnanaa unakaa kwenye shira na kwenye glasi. Kwenye chupa haukai, hata usiku mmoja.

Hicho kinywaji unachokitaka Wamarekani wanakiita mint julep, ndicho wanachokinywa Kentucky kwenye mbio za farasi za Derby kila Jumamosi ya kwanza ya Mei. Jina lenyewe asili yake ni Kiajemi, gulab, maji ya waridi, na kabla ya wiski kuingia lilikuwa jina la maji matamu ya kunyweshea dawa. Kwa hiyo shira ndiyo msingi, na shira ndiyo unayoweza kuiandaa mapema kama shida yako ni kutohangaika siku ya wageni.

Sukari gramu 250, maji mililita 250. Weka motoni, koroga mpaka sukari iyeyuke, zima. Usiipike mpaka inate kama shira ya kaimati, hiyo itaganda chini ya glasi ikikutana na barafu. Iache dakika 5 ipungue moto, tia konzi moja ya majani ya mnanaa bila vijiti, funika dakika 20. Weka saa kwenye simu. Chuja kwa chujio la chai na usiyakamue yale majani, kwenye kukamua ndiko uchungu unakotoka. Utapata kama mililita 400. Iweke friji kwenye chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa maji ya moto, wiki moja inakaa vizuri.

Sasa hesabu yako: watu 12, glasi 2 kila mmoja, ni glasi 24. Kila glasi wiski mililita 60 na shira mililita 15. Wiski ni 1,440, yaani chupa zako 2 za mililita 750 zinatosha kwa kubana, usizidishe mkono. Shira ni 360. Na uwaambie wageni kwamba glasi moja ni kama toti mbili, maana utamu na baridi vinaficha kileo na mtu anakunywa kama soda.

Kwenye glasi: majani 6 mpaka 8, mimina shira juu yake, yakandamize na mgongo wa kijiko cha mbao mara 4 au 5. Yakandamize tu, usiyatwange kama kitunguu saumu. Ukisikia harufu imepanda, acha. Jani linatakiwa libaki zima limelegea, likichanika umeshaanza kutoa ule uchungu wa kwenye chupa. Tia wiski, jaza barafu iliyovunjwa nusu glasi, koroga mpaka glasi iwe baridi kwa nje, ongeza barafu mpaka ifanye kichuguu. Chukua kitawi kimoja, kipige kofi moja kwenye kiganja, kichomeke pembeni ya mrija. Mrija uwe mfupi ili pua iangukie kwenye mnanaa. Nusu ya ladha inaingilia puani.

Barafu watu wanaidharau. Kama maji yako ya bomba yana chumvichumvi, utaisikia kwenye glasi, kwa hiyo gandisha maji ya kunywa. Anza siku 2 kabla, umeme ukikatika uwe na akiba. Kilo 5 si nyingi kwa glasi 24. Izungushie taulo safi, igonge kwa mchi mpaka vipande viwe kama punje za mahindi. Taulo linanyonya maji, barafu inabaki kavu. Mabonge makubwa hayapoozi upesi na hayaizimui wiski, utabaki na shira na moto wa kileo.

Mnanaa nunua asubuhi ya siku yenyewe au jana yake, pale soko la Majengo haukosi. Hewa yetu kavu inaunyausha mchana mmoja ukiulaza mezani. Simamisha vijiti kwenye glasi ya maji, au funga kwa kitambaa kilicholowa kidogo kwenye kopo lenye mfuniko, uweke friji. Ukilegea, uloweke maji ya barafu dakika 15. Chagua ule wa chai, wenye harufu tamu. Unaochoma pua kwa ubaridi kama dawa ya meno unaifunika wiski.

Wiski: bourbon (wiski ya Kimarekani ya mahindi), au yoyote laini isiyo na ladha ya moshi. Vikombe vya stili vinashinda glasi, na ushike kwenye ukingo, mkono ukikumbatia kikombe unayeyusha ule ukungu mweupe wa nje.

Kama majani umeshayatia leo, yachomoe sasa hivi, chuja kwa kitambaa cha pamba, onja kijiko kimoja cha chai. Ndani ya saa moja au mbili bado chupa inaweza kupona. Umeyatia saa ngapi, na rangi ikoje hivi sasa?