Barua za Wasomaji: Jarida la watoto, tulilipie mwaka mzima?

*Nina watoto watatu, wa miaka 4, 8 na 11. Jamaa yetu aliyeko Marekani yuko tayari kuwalipia jarida la watoto kwa mwaka mzima, mradi nami nichange nusu. Je, pesa hizo zina faida, au heri ninunue vitabu?*
– Mama wa watatu, Langoni, Lamu

Mama, faida ipo, lakini jarida moja halitawatosha wote watatu. Majarida ya watoto hutungwa kwa umri, tena kwa umri mfinyu. Kuna familia moja ya majarida ya Marekani yenye majina ya wadudu: Babybug ni ya watoto wa miezi 6 hadi miaka 3, Ladybug miaka 3 hadi 6, Spider 6 hadi 9, na Cricket 9 hadi 14. Highlights, lililoanza mwaka 1946, nalo lina mdogo wake, High Five, kwa wale ambao bado wanasomewa. Kwa hiyo usikubali kulipiwa "jarida la watoto" hivi hivi. Uliza ni la miaka mingapi.

Kwako wewe, mpigie hesabu huyo wa miaka 8. Anasoma peke yake na mafumbo bado yanamvuta. Ukichagua la umri wake, mdogo atakua alikute. Ukichagua la mdogo, wakubwa hawataligusa, na la wa miaka 11 litawashinda wenzake.

Kabla hujatoa shilingi, tafuta nakala mbili za zamani, za kuazima au za kununua mojamoja. Jumamosi watoto wakishatoka chuo cha Kurani, iache moja juu ya mkeka sebuleni na usiseme neno. Kwa wiki mbili tazama: amelirudia mara ngapi? Fumbo gani amelijaza kwa penseli? Neno gani amekuja kukuuliza? Mtoto aliyefungua mara moja tu, akatazama picha na kuliacha, usimlipie mwaka. Aliyerudi kwenye ukurasa uleule siku ya tatu, huyo mlipie.

Sasa hesabu. Tuseme kila nakala itakufikia kwa shilingi 400, gharama ya posta ikiwemo. Matoleo 12 ni shilingi 4,800. Nakala ikisomwa mara moja, kusoma kule kumekula 400. Mtoto akiirudia mara 5 na mdogo wake akasomewa mara 3, kila kusoma ni shilingi 50. Angalia pia idadi ya matoleo, kwani mengine hutoka mara 6 tu kwa mwaka, na bei ya mwaka peke yake haikuonyeshi hilo.

Kuhusu vitabu, kama nyumbani hamna hata kimoja cha hadithi, anza na vitabu. Kwa mtoto anayeogopa kitabu kinene, jarida lina nguvu yake: habari huishia kwenye kurasa mbili, na bahasha huja na jina lake. Msimdharau mtoto anayefurahia kuandikiwa jina. Furaha hiyo ndiyo inayomkalisha chini asome.

Tatizo kubwa ni lugha na msimu. Toleo la Disemba la Marekani limejaa theluji, na Disemba ya Amu (Lamu) ni joto na upepo wa kaskazi. Tena laweza kufika Februari. Chagueni ukurasa mmoja kila usiku: asome kwa Kiingereza, kisha akuhadithie kwa Kiamu chake. Akikwama kuhadithia, neno lililomkwamisha mtaliona papo hapo. Na kwa Kiswahili chenyewe, African Storybook wametoa hadithi za bure mtandaoni tangu 2014. Pakua moja, ipige chapa nyeusi na nyeupe kwenye duka la fotokopi, ikunje katikati, na huyo wa miaka 4 apake rangi mwenyewe.

*Nililipia jarida la watoto kutoka ng'ambo mwezi wa Januari. Sasa ni Mei na nimepata matoleo mawili tu. Tatizo liko wapi?*
– Baba, Barani, Malindi

Huenda hakuna kilichopotea bado. Toleo la kwanza kutoka ng'ambo laweza kuchukua wiki 6 hadi 8, au zaidi. Lakini kagua anwani uliyoijaza. Fomu za nje huomba mtaa na nambari ya nyumba, na mzazi huandika mtaa wake kwa uaminifu, ilhali barua zetu huenda sandukuni. Mahali pa mtaa andika S.L.P. na nambari yake, na mahali pa msimbo wa posta andika 80200. Kama sanduku ni la mtu mwingine, jina la mwenyewe liwemo. Sanduku la shule linafaa muhula ukiendelea, ila likizo za Aprili, Agosti na Novemba hadi Disemba bahasha hulala ofisini. Hakikisha pia kodi ya sanduku ya mwaka huu imelipwa.

Kisha chukua karatasi ya anwani iliyobandikwa kwenye nakala mojawapo. Mara nyingi huwa na nambari ya msomaji na mwezi usajili unapoisha. Waandikie wachapishaji ukitaja nambari hiyo na matoleo yaliyokosekana. Omba yatumwe tena au muda uongezwe. Kama ulilipa kwa kadi, waulize kama usajili hujirudia wenyewe mwaka ukiisha, na uuzime mapema.

*Majarida ya watoto yanashika kutu katikati na kurasa zinachomoka. Tufanyeje?*
– Msomaji, Mkomani, Lamu

Ni hewa ya chumvi inayokula pini zinazoshika kurasa. Msiyapange kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hata kama yanapendeza hapo, maana ukuta wa mawe hushika unyevu. Yalazeni kwenye rafu, sentimita 5 mbali na ukuta.

Pini zitoeni jarida likiwa bado jipya. Fungua ukurasa wa kati, inua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, kisha ivute kwa nje. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, na moja sentimita 6 kila upande. Tia uzi wa pamba kwenye sindano. Anzia ndani, tundu la kati, utoke nje. Ingia ndani kwa tundu la juu, pita ndani moja kwa moja hadi la chini, utoke nje, kisha urudi ndani kwa la kati. Ncha mbili za uzi zikae huku na huku za ule uzi mrefu, ndipo ufunge fundo juu yake.