Pima Kwanza, Weldi Baadaye

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza chuo cha ufundi aliniandikia: “Fundi, salama? Nimekuwa nikifuatilia kazi zako. Nimeweka akiba kidogo, nataka kuanza kukarabati baketi na mikono ya eskaveta hapa Nairobi. Ninunue mashine gani kwanza?” Nilimjibu kwa simu, lakini jibu lenyewe ni refu, na najua mko wengi mnaoitamani njia hiyo hiyo. Mnaona mitambo hii ya kuchimbia imejaa kila mahali, kuanzia Ruiru hadi Kitengela. Mnajua kila pini, ile nondo nene inayounga baketi na mkono, italika siku moja, na mwenye mtambo akitajiwa bei ya kipuri kipya anashika kichwa. Mmeona vizuri. Kazi ipo na pesa ipo.

Nunua vipimo kwanza. Vernia nzuri (rula ya chuma yenye taya za kubana unachopima), maikromita ya nje ya kupimia sehemu ndogo sana za milimita, maikromita ya kupimia ndani ya tundu, na dial geji yenye mguu wa sumaku, ambayo sindano yake inaonyesha kitu kimeyumba kiasi gani. Leithi, mashine ya kukerezea chuma, unaweza kulipia saa zake kwa jirani, pale Kariobangi Light Industries au Industrial Area, maana wapo watu ambao mashine zao zinashinda nusu siku bila kazi. Jicho la kupimia hakuna wa kukukodisha.

Mimi nilianzia chini kabisa, kijana wa kufagia chembe za chuma chini ya leithi katika karakana moja karibu na barabara ya Lunga Lunga. Mzee aliyenifunza hakuniruhusu kugusa mashine. Kila asubuhi alinipa shafti ile ile, nipime kipenyo mwanzo, katikati na mwisho, niandike kwenye daftari, kisha yeye apime baada yangu. Tukitofautiana hata milimita 0.02, narudia. Wenzangu walikuwa tayari wanachomelea mageti na kupata pesa za mfukoni, mimi nimeshika maikromita. Iliniuma sana. Lakini mkono ulizoea: maikromita ukiikaza sana inakudanganya, ukiilegeza inakudanganya pia. Baadaye nilipofanya majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, hadi gredi ya kwanza ambayo ndiyo ya juu, sehemu ya vipimo haikunitoa jasho.

Sasa niwaambie jambo ambalo bado linanikaa rohoni. Mkandarasi mmoja wa barabara aliniletea mkono wa eskaveta ambao matundu ya pini ya baketi yalikuwa yamelika. Pini ilikuwa ya milimita 80, na bushi yake, ule mkebe wa chuma unaokaa kati ya pini na tundu, kwa nje milimita 95. Nikapima kila tundu sehemu tatu kwa kina, na kila sehemu mara mbili, wima na ulalo. Wima lilikuwa limefika 99 na ushee, ulalo 96. Hapo si duara tena. Tundu limevutwa upande mmoja, kwa sababu baketi ikichimba, pini husukuma upande ule ule siku zote. Ukijaza weldi halafu ukakereza kwa kufuata umbo ulilolikuta, umetoboa tundu jipya mahali pasipo pake. Pini itakataa kupita sawasawa hadi tundu la upande wa pili, baketi itakaa mshazari, na bushi mpya zitakwisha upesi.

Kwa hivyo unatafuta kitovu cha asili. Mara nyingi hubaki mkanda mwembamba kwenye ukingo ambao haujaguswa na msuguano, na huo ndio shahidi wako. Unafunga mhimili wa kutobolea, fimbo inayozunguka ikiwa na kisu cha kukata, upite kwenye matundu yote mawili kwa pamoja, unazungusha dial geji juu ya ule mkanda, unasogeza vishikizo kidogo kidogo mpaka sindano itulie. Kazi hii inaweza kula asubuhi nzima na mtu anayekutazama ataona hujafanya kitu. Kisha unakata kidogo kuondoa chuma kilichochoka, unajaza weldi, unaacha ipoe, ndipo unakata hadi kipimo.

Chuma cha pale ni kinene. Chuma kinene kikiwa baridi hunyonya joto la weldi kwa haraka mno, na ile sehemu iliyo kandokando ya weldi inakuwa ngumu isiyopinda, tayari kupasuka. Ndiyo sababu nilikuwa nimewasha gesi, napasha taratibu hadi kama nyuzi 150, na chaki ya kupimia joto iko mkononi. Msimamizi wa mkandarasi akaingia, akaona moto wa gesi lakini cheche za weldi hazipo. Akasema mbele ya vijana wangu wote: “Hawa jua kali wanatupotezea muda. Chuma unakipikia chai?” Wakaupakia mkono kwenye lori, wakaupeleka kwa mwingine aliyewaahidi kumaliza jioni hiyo hiyo.

Ulirudi. Ufa ulikuwa umetambaa ukifuata ukingo wa weldi, haukuwa juu ya weldi yenyewe, na mtu wa kazi hii akiona ufa wa namna hiyo anajua kilichotokea bila kuambiwa. Weldi ilipigwa kwenye chuma baridi, na rodi za kuchomelea zilikuwa na unyevu. Unyevu ukiungua unatoa haidrojeni, haidrojeni inajificha ndani ya chuma, na ufa unaweza kujitokeza hata saa 48 baadaye, mtambo ukiwa umeshaondoka na fundi ameshalipwa. Tulichimba ile weldi yote kwa grainda, tukaanza upya kama nilivyokusudia tangu mwanzo. Hakuna aliyesema pole. Ankara yangu ilikaa miezi kabla ya kulipwa, na yule msimamizi akapiga picha za tundu lililomalizika akazituma kwa wakubwa wake kana kwamba mpango ulikuwa wake. Mkono ule unachimba mpaka leo na pini haijalegea. Najua kwa sababu opereta wake hunipigia simu.

Vijana, atakayekucheka kwa kupima na kupasha moto si yeye atakayesimama mbele ya ufa. Ni wewe. Pima, na usikubali kuharakishwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye kazi.

Tukiwa hapo kwenye rodi: rodi ya E7018 ndiyo ya kazi hizi za chuma kinene, na hiyo 70 inamaanisha nguvu ya mvuto ya pauni 70,000 kwa kila inchi ya mraba. Nguvu hiyo haitakusaidia ikiwa pakiti imekaa wazi juu ya kabati wiki nzima ya mvua ya Aprili. Ukishaifungua, ziweke kwenye oveni ya rodi, kama nyuzi 120, utoe chache chache. Nimeona karakana yenye mashine ya bei kali ambayo rodi zake ziko kwenye ndoo karibu na mlango. Mashine haiwezi kukausha rodi kwa niaba yako.

Na usikate kipimo cha mwisho chuma kikiwa moto. Chuma hutanuka. Tundu la milimita 100 lenye joto la nyuzi 80 zaidi ya kawaida huwa kubwa kwa karibu milimita 0.1, na huo ndio ukubwa wa mbano wote unaoutaka kati ya bushi na tundu. Ukikata likiwa moto, kesho limepoa limekuwa dogo, bushi inagoma, mtu analeta nyundo ya kilo nane. Bushi haipigwi nyundo. Ipoze kwa barafu kavu, isinyae, iteleze mahali pake, halafu iache ijibane yenyewe.

Kuna chuma kimoja kinachopindua kila nililosema juu ya kupasha moto. Wenye machimbo ya kokoto kule Mlolongo huniletea taya za mashine za kusaga mawe, na nyingi ni za chuma cha manganizi, kile alichogundua Robert Hadfield huko Sheffield mnamo 1882. Kina manganizi asilimia 12 hivi au zaidi, na kadiri mawe yanavyokigonga ndivyo uso wake unavyozidi kuwa mgumu. Hiki ukikipasha moto umekiua: kikikaa juu ya nyuzi 260 hivi kinaanza kuwa cha kuvunjika. Unakichoma kwa mistari mifupi, unahamahama, unahakikisha kinapoa kabla ya mstari unaofuata. Utakitambuaje? Sumaku. Chuma cha manganizi hakivuti sumaku, ila uso uliogongwa sana unaweza kuvuta kidogo, kwa hivyo jaribu mahali ambapo mawe hayakufika. Sumaku ya shilingi chache inakuokoa kuharibu taya ya mtu. Nashangaa mafundi wangapi hawana hata moja mfukoni.

Mengine nitayapitia kwa haraka kwa sababu mnayajua, au mnapaswa kuyajua. Kibanio cha athi, kile cha waya unaorudisha umeme kwenye mashine ya weldi, kiweke karibu kabisa na unapochoma, umeme usipite kwenye beringi ukaziunguza. Ondoa nyaya za betri, na kwenye mitambo ya kisasa tenga kompyuta yake pia. Usichomelee silinda ya haidroliki iliyofungwa ikiwa na oili ndani, maana inaweza kulipuka. Na kwenye meno ya baketi, ukiweka weldi ngumu ya kabidi ya kromu ili yasilike upesi, usiogope vile vinyufa vidogo vinavyokata mstari, ndivyo inavyopoa. Udongo laini wa Embakasi unataka mistari iliyopishana kama wavu ili udongo ujae katikati na kulinda chuma, lakini kwenye mawe pitisha mistari ielekee upande mawe yanakopita, yateleze.

Sasa pesa, maana hapo ndipo wengi wenu mtaumizwa kama nilivyoumizwa. Siku hizi sianzi bila malipo ya awali yanayotosha rodi, gesi na bushi. Mteja anapewa karatasi yenye vipimo nilivyokuta, kila tundu na kila upande, na vipimo nitakavyomwachia. Akitaka kuupeleka mtambo kwingine katikati ya kazi, analipia upimaji na joto lililokwisha kutumika, na anasaini kwamba ameuondoa mwenyewe. Wapo walionuna wakaenda zao. Waliobaki ndio wanaonilipa kwa wakati. Baada ya weldi mtambo unalala kwangu saa 48, nausafisha na kuupaka rangi ya kuonyesha nyufa, mteja akiwa amesimama pale. Chini kabisa ya karatasi nimeandika kwamba opereta apige grisi kila saa 10 za kazi, na mwenye mtambo asipotia sahihi kwenye mstari huo, nampa risiti bila dhamana.