Siti Laini Itanifaa kwa Uzito Wangu?

SWALI: Nina uzito wa kilo 104 na urefu wa sentimita 168. Nikiendesha pikipiki yangu kwa dakika 40 naanza kujisogezasogeza, na kabla ya saa moja kutimia makalio yameshakufa ganzi. Nimeonyeshwa siti mbili za kubadilishia: moja ni pana na laini kama mto, nyingine ni ngumu kiasi na ni nyembamba upande wa mbele. Moyo wangu unaegemea ile laini. Nitakuwa nimechagua vyema?

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi uiache ile laini, ijapokuwa dukani ndiyo itakayokuvutia zaidi. Unapoketi, sehemu kubwa ya uzito wa kiwiliwili hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya makalio, na sponji laini hubonyea chini ya mifupa hiyo mpaka unakuwa umekalia bamba gumu la siti, huku sponji ya pembeni ikikandamiza nyama na mishipa. Ganzi unayoieleza hutokana na mkandamizo wa namna hiyo. Sponji iliyoshindiliwa, ambayo mtu wa kilo 60 angeiona ngumu kama ubao, kwako itabonyea kwa kiasi tu na kuutawanya uzito.

Upana nao hupimwa kwa mifupa, kwa hiyo unene wa mwili usikudanganye. Weka kipande cha boksi juu ya kiti kigumu, ukalie kwa mkao uleule wa kuendeshea, kisha pima umbali kati ya vibonyeo viwili vitakavyobaki. Mahali unapokalia, siti inapaswa kuvipita vibonyeo hivyo kila upande. Mbele, karibu na tangi, hali ni tofauti: siti pana huyapanua mapaja na kukupunguzia urefu wa mguu, na kwa kimo chako huenda ukashindwa kukanyaga chini vizuri unaposimama. Usikubali kukatiwa sponji ili siti ishuke, kwani utapoteza kile hasa unachokinunua. Mtu mrefu huhitaji kinyume chake, yaani siti iliyoinuka ili magoti yasikunjike mno.

Angalia pia mteremko. Siti inayokutelezesha kuelekea tangi itakuchosha mikono na kinena, hata iwe imetengenezwa kwa ustadi gani.

Kabla ya kulipa chochote, rekebisha springi za shokamzoba ya nyuma zilingane na uzito wako. Nasisitiza jambo hili kwa sababu springi zilizolegea hubonyea hadi mwisho na kupeleka vishindo vikubwa vya barabara mgongoni, na siti ikalaumiwa bure.

Mwisho, mwombe muuzaji akuruhusu kuijaribu kwa mwendo wa saa nzima, kwa kuwa maumivu yako huanza dakika ya 40 na dakika tano za kuikalia dukani haziwezi kuyafichua.