Alama ya kujumlisha isifiche kiwango cha dola

"Kaka, safari hii iliisha mwezi uliopita, wageni wameshafika kwao. Mbona jumla ya gharama zake leo si ile ya juzi?"

Mhasibu aliniuliza hivyo asubuhi moja hapa Arusha, kwenye kampuni ndogo ya utalii niliyokuwa naiandikia programu ya mahesabu. Hakuna aliyegusa rekodi. Kosa lilikuwa langu, na lilikaa ndani ya alama ya kujumlisha.

Wageni walilipa kwa dola, na kiingilio cha hifadhi pia kilikuwa kwa dola; mafuta, chakula na posho za madereva vililipwa kwa shilingi. Kwa lugha ya programu ya Python nikatengeneza klasi ya Fedha, yaani kiolezo cha data chenye kiasi na sarafu, nikaiandikia metodi ya __add__ (maelekezo yanayoendeshwa alama ya + inapotumika) ili mtu aandike tu mafuta + kiingilio. Sarafu zikitofautiana, metodi ilikwenda intaneti kuchukua kiwango cha siku hiyo, ikageuza, ikajumlisha. Kwa hiyo ripoti ile ile ilitoa jibu jipya kila kiwango kilipopanda au kushuka. Tena jibu lilifuata sarafu ya upande wa kushoto: mafuta + kiingilio ilitoa shilingi, kiingilio + mafuta ikatoa dola.

Anayenunua viazi soko la Kilombero anaijua lumbesa. Linaitwa gunia moja, kumbe juu limeongezewa kilemba. Alama yangu ilikuwa hivyo hivyo: kwa macho ni jumlisha, ndani imebeba intaneti, kiwango na tarehe ambavyo msomaji wa programu havioni.

Sisemi tuache kuzibebesha opereta, yaani alama kama + na *, maana mpya. Bjarne Stroustrup aliiweka nafasi hiyo kwenye lugha yake ya programu, C++, ilhali lugha ya Java iliyotoka 1995 iliwanyima waandishi wake, ikabaki na + ya kuunganisha maneno tu zaidi ya namba. Ndiyo maana anayehesabu bei kwa BigDecimal (klasi ya namba za desimali) kule Java anaandika bei.add(ushuru), na hesabu ikirefuka inachosha kusoma. Mimi niko upande wa kuruhusu, mradi alama ifanye kile ambacho msomaji angekitegemea bila kuifungua klasi. Shilingi kwa shilingi, jumlisha. Shilingi kwa dola, kataa na utoe kosa pale pale. Kugeuza sarafu kupewe metodi yenye jina, na kiwango kiandikwe waziwazi: kiingilio.badilisha("TZS", kiwango). Posho mara siku tano ina maana. Fedha mara fedha haina, usiiandike kabisa.

Kuna jambo dogo litakalokusumbua kwenye Python. Ukitumia sum kwenye orodha ya Fedha, inaanza kuhesabu kutoka 0, na 0 + Fedha itakwama mpaka uandike __radd__, metodi ya kujumlisha pale Fedha inapokuwa upande wa kulia. Mimi huiruhusu ipokee sifuri peke yake. Na ukiandika __eq__ (metodi ya kulinganisha kama vitu viwili ni sawa) bila __hash__ (inayokipa kitu namba ya kukitafutia), objekti zako hazitakubali kuwekwa kwenye seti wala kuwa funguo za kamusi.

Niliiandika upya klasi ile kwa siku mbili. Kila malipo ya dola sasa yanatunzwa pamoja na kiwango cha siku yalipofanyika, na ripoti ina safu yake ya viwango. Wiki hiyo hiyo mhasibu aliona kiwango kimoja kimekosewa tarakimu, akakirekebisha mwenyewe bila kunipigia simu.