Jibu: Jeshi la Uingereza halikutumia uamuzi mmoja

Ndugu, umeuliza kama jeshi la Uingereza liliwakubali wanawake na wapenzi wa jinsia moja kwa wakati mmoja. La hasha. Marufuku dhidi ya wapenzi wa jinsia moja iliondolewa Januari 2000, miezi michache baada ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kuwapa ushindi askari waliofukuzwa, akiwamo Jeanette Smith, muuguzi wa jeshi la anga, ambaye wapelelezi walimhoji hata mambo yake ya faragha (yanahusianaje na uuguzi?). Hoja ya serikali kwamba ari ya vikosi ingeshuka haikuishawishi mahakama. Wanawake, waliokwisha kuvaa sare miaka mingi, walifunguliwa nafasi zote za mapigano mwaka 2018 tu.