Kabla ya kupanga albamu za Queen, kubalianeni haya kwanza

Ubishi wa albamu ipi ya Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, ni kali kuliko nyingine huharibika mapema, na sababu huwa ni ileile: wanaobishana hawazungumzii albamu. Wanazungumzia Greatest Hits ya 1981, mkusanyiko ambao huko Uingereza umeuzwa kuliko albamu nyingine yoyote, na ndio wengi wetu tulioupata kwanza, iwe kwenye kanda au kwenye flashi. Ukiuangalia mkusanyiko huo vizuri utaona unavyompotosha mtu. Una nyimbo 17. Nne zimetoka The Game. Queen II imetoa moja tu. Basi mtu aliyekulia kwenye mkusanyiko ule ataiweka The Game juu bila hata kufikiri, na Queen II ataiweka chini kwa sababu haijui.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: anayepiga kura awe amesikiliza albamu nzima, mwanzo mpaka mwisho, kwa mpangilio wake. Asiyeisikiliza aache nafasi wazi. Hakuna aibu kuacha nafasi wazi. Aibu ni kuipa albamu nafasi ya kumi kwa kusikia habari zake.

Halafu kubalianeni kinachohesabiwa. Albamu za studio ni 15, kuanzia Queen ya 1973 hadi Made in Heaven ya 1995. Za jukwaani kama Live Killers zikae kando. The Cosmos Rocks ya 2008 nayo kando, kwa kuwa ilitoka kwa jina la Queen pamoja na Paul Rodgers, mwimbaji wao Freddie Mercury akiwa ameshafariki na mpiga besi John Deacon akiwa hayumo. Mimi huitoa pia Flash Gordon. Ni muziki wa filamu, nyimbo zenye mashairi kamili ni mbili tu, na kuishindanisha na A Day at the Races ni kuionea. Zinabaki 14.

Msizisikilize zote kwa mkupuo. Mbili kwa kikao zinatosha, tatu ni mwisho, kwa sababu nyingi zina dakika kati ya 35 na 45 na sikio likichoka linaanza kudai vibao linavyovijua. Mfuate mwaka wa kutoka. Albamu zao za mwanzo ziliandikwa kwenye jalada kwamba hakuna sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki, iliyotumika. Sauti zote zile zilizorundikana ni gitaa la Brian May na koo za watu. Sinthesaiza inaingia kwenye The Game, 1980. Ukirukia The Works kabla ya kupita hapo utadhani ni bendi nyingine, na utaihukumu kwa kosa lisilo lake.

Sasa vyombo, maana hapa ndipo vijiwe vingi vinapokosea. Spika moja ya bluetooth katikati ya meza inafaa kwa mambo mengi, lakini si kwa Queen wa 1974 hadi 1976. Chukua The Prophet's Song kwenye A Night at the Opera. Katikati ya wimbo vyombo vinanyamaza, sauti ya Freddie inabaki peke yake, na kila mstari anaouimba unarudi baada ya muda mfupi, mmoja upande wa kushoto, mwingine kulia, hadi anakuwa anaitikiana na yeye mwenyewe. Kwenye spika moja sauti zote hizo zinalaliana na kuwa fujo, na msikilizaji anasema wimbo ni mrefu bila sababu. Tafuteni spika mbili zilizoachana angalau mita mbili, au kila mtu na hedifoni zake.

Kwenye simu, zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, na zima ule mpangilio unaofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Queen walikuwa wakiunganisha nyimbo kwa makusudi. Kwenye Sheer Heart Attack, Tenement Funster, Flick of the Wrist na Lily of the Valley zinakwenda kama wimbo mmoja. Programu ikiweka kimya hata cha sekunde moja katikati, umeshaharibu. Kama programu yako inasawazisha ukubwa wa sauti, isawazishe kwa albamu nzima, si kwa wimbo mmoja mmoja. Ukisawazisha kila wimbo, ule wa kunong'ona utalingana na wa kupiga kelele. Usiposawazisha kabisa, toleo jipya lililoongezwa sauti litaonekana bora kuliko la zamani, kwa sababu tu sikio hupenda kikubwa. Pakueni mapema kabla bando halijawakatia njiani. Na umeme ukikatika, rudieni upande mzima, msianzie pale ulipokatikia.

Jambo la matoleo nalo lina mitego. Sidii ya The Miracle iliongezewa nyimbo tatu zisizokuwa kwenye santuri, na matoleo ya Marekani ya 1991 yaliongezewa michanganyo mipya mwishoni mwa albamu nyingi. Hizo zisipigiwe kura. Fuateni orodha ya santuri ya kwanza. Innuendo ndiyo pekee ninayoigeuzia kanuni: kwenye santuri baadhi ya nyimbo zilikatwa ili zienee, hivyo tumieni sidii, nyimbo 12 kamili. Na kwenye sidii ya Made in Heaven simamisheni baada ya wimbo wa 11, la sivyo mtakaa dakika 22 zaidi mkisikiliza sauti za hewani zisizo na jina wala mashairi.

Kura: msitoe alama kwa kumi. Kuna mtu ataipa kila albamu tisa, na kura yake haitasema chochote. Kila mmoja apange kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, ya kwanza ipate 14, ya mwisho 1. Jumla ya kila albamu igawanywe kwa idadi ya walioisikiliza, si kwa idadi ya waliohudhuria. Karatasi zikusanywe kabla ya mjadala kuanza. Jiji la Dar es Salaam, lililozoea ushindani wa bendi za Msondo na Sikinde, linajua mtu anavyoweza kuishusha kazi nzuri ili tu upande wake ushinde. Baada ya mjadala pigeni kura ya pili, na anayehamisha albamu zaidi ya nafasi tatu ataje wimbo uliomhamisha na sehemu ya wimbo huo.

Kuna hoja mbili za kuzikataa mlangoni. Moja ni Zanzibar. Freddie alizaliwa Unguja mwaka 1946 na tunajivunia hilo, lakini haliiongezei Hot Space hata alama moja. Nyingine ni kwamba Queen ni Freddie. Another One Bites the Dust na I Want to Break Free ni za Deacon, Radio Ga Ga ni ya mpiga ngoma Roger Taylor, We Will Rock You ni ya May. Mkiisahau hiyo hamtaelewa kwa nini albamu zao zina rangi nyingi hivyo.

Kwangu ya kwanza ni Sheer Heart Attack. Nyimbo 13 ndani ya dakika 39 hivi, wote wanne wameandika, na hakuna wimbo uliokaa kupita muda wake. Queen II ni ya pili, hasa upande wake mweusi ambao wote ni wa Freddie. A Night at the Opera ninaiweka ya tatu, na najua hapo nitapigiwa kelele. Ina kilele kirefu kuliko zote, ila ina mabonde pia, na albamu hupimwa na mabonde yake. Innuendo ya nne. Hot Space ya mwisho kwa sababu ya upande wake wa kwanza, ingawa Under Pressure inayoifunga ni kazi kubwa mno.

The Works huwa inapanda isivyostahili kwa sababu ya tamasha la Live Aid la Julai 1985, ambako Radio Ga Ga na Hammer to Fall ziliwaka. Anayeitetea aulizwe nyimbo nyingine za albamu ile, na azitaje bila kuangalia simu.

Made in Heaven isikilizwe peke yake, kikao cha mwisho. Imekamilishwa na watatu waliobaki, baadhi ya sauti zimetoka kwenye albamu ya Freddie mwenyewe ya 1985, na kwenye Mother Love ubeti wa mwisho unaimbwa na May kwa sababu Freddie hakurudi kuumalizia. Watakaotaka kuitoa kwenye orodha waruhusiwe kusema hivyo kabla ya kura. Mimi huiacha ndani, nafasi ya nane.