Kuzaliwa mara ya pili, au kutoka juu?

Ndugu mpendwa, unauliza kama katika Yohana 3:3 Yesu alisema kuzaliwa «mara ya pili», kama Biblia yako ya Kiswahili inavyosema, au «kutoka juu», kama alivyofundisha mchungaji wenu hapo Bukavu. Neno la Kiyunani ni anothen, nalo hubeba maana zote mbili; Nikodemo, Farisayo aliyekuwa akizungumza na Yesu, alishika ile ya «mara ya pili», ndiyo sababu akauliza habari za kurudi tumboni mwa mama. Lakini katika mstari wa 31 wa sura hiyo hiyo, na tena katika 19:11, neno lilo hilo limetafsiriwa «kutoka juu», na mimi naegemea huko, bila kumlaumu mfasiri (Louis Segond, mfasiri wa Biblia ya Kifaransa, naye aliandika «de nouveau», yaani «tena»). Kabla ya kununua kamusi ya Kiyunani, linganisha kwanza mistari hiyo mitatu.